Nani Kasema Pemba Imelala?

Ukitaka kumuuzia mgeni safari ya Pemba, maneno yako tayari, huna haja ya kuyatafuta. Mwambie kisiwa hakijaguswa. Mwambie watu wanaishi kama walivyoishi babu zao, gari la ng'ombe njiani, mkarafuu ubavuni mwa nyumba, ngalawa pwani, kisha mhimize awahi kabla mahoteli hayajafika na kuyaharibu yote. Maneno hayo yamo katika vitabu vya watalii, yamo katika vipindi vya televisheni, na hata sisi wenyewe tumeyameza. Mtu wa Mjini Unguja akirudi kutoka harusini Wete husema "kule kumelala bado", na anasema kwa mapenzi, anadhani anasifu.

Nayapinga maneno haya. Kwanza si kweli, na hilo peke yake lingetosha. Lakini uongo huu una gharama, na wanaoulipia si wale wanaoutangaza.

Twende Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, mahali ambapo maji yakijaa hugeuka kisiwa na yakitoka watu huvuka kwa miguu. Mwaka 1984 palifukuliwa pale hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za dola ya Wafatimiya iliyotawala Misri. Hizi za fedha ni vidude vidogo, vyepesi, vimepigwa kwa majina ya watawala wa hapahapa, na maneno ya Kiarabu ya upande mmoja yanapatana vina na ya upande wa pili. Karne ya 11, basi, palikuwa na watu Pemba wenye pesa yao, wanaojua dhahabu ya Misri ina thamani gani, na wanaojali vina hata kwenye sarafu. Kabla ya hapo, mwaka 916, msafiri al-Mas'udi alifika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi hudhani ni Pemba, akakuta Waislamu na biashara. Huyo mgeni anayeambiwa leo awahi kabla hapajaguswa amechelewa kwa miaka elfu moja na zaidi.

Wali wenyewe, ambao hakuna karamu ya Kipemba bila huo, si wa tangu na tangu. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochambua mabaki ya nafaka kaskazini mwa kisiwa, Tumbe na Chwaka, wameona kwamba wakaazi wa mwanzo walitegemea zaidi uwele, na mpunga ukaja kushika nafasi baadaye. Mpunga ni mmea wa Asia. Kuna watu waliupokea, wakauonja, wakauona unafaa mabonde yao, wakabadilisha kilimo, mapishi na heshima ya mgeni mezani. Hayo hayafanywi na watu waliolala.

Karafuu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha zaidi. Mgeni hupita barabara ya Wete, akaona majamvi yametandazwa kando ya lami, karafuu zinaanikwa na kugeuka kutoka kijani hadi rangi ya kahawia, harufu imejaa hewani, akaandika kwamba ameona maisha ya asili. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu ni kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuinusuru Pemba. Bei ikapanda, wenye mashamba wakakimbilia Pemba kupanda. Na waliopanda kwa mikono yao hawakuwa wenye mashamba. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini, lakini Pemba ilitaka wachumaji na wapaliliaji, na majahazi yaliendelea kuwaleta kwa siri. Utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi 1897. Ile misitu ya karafuu juu ya vilima, yenye kivuli cha kupendeza, ni shamba la soko la dunia, na sehemu yake ilifunguliwa kwa jasho la watu waliotekwa bara. Kuiita mandhari isiyoguswa ni kuwafuta watu hao mara ya pili.

Historia ya karafuu haikuishia hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Serikali ikawa mnunuzi wa pekee kupitia shirika lake la biashara. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo alikuwa Indonesia, ambayo huchanganya karafuu katika sigara zake za kretek. Ajabu ya mambo, nchi iliyotupa mkarafuu ndiyo iliyotununulia. Katika miaka ya 1980 Indonesia ikawa imepanda karafuu za kutosha mwenyewe, na bei ikaporomoka. Ukipita Pemba miaka michache baada ya hapo ukaona nyumba zimechakaa na vijana wameondoka, ungeona matokeo ya maamuzi ya wakulima na serikali ya upande wa pili wa bahari. Uhusiano wa Pemba na dunia haukuwa mdogo hata kidogo. Ulikuwa mkubwa mno, tena juu ya zao moja na mnunuzi mmoja.

Na mtu asidhani wakulima walikaa kitako. Kila bei ya Mombasa ilipoizidi ya hapa, karafuu zilivuka usiku kwa mashua. Serikali iliita magendo, na kwa sheria ilikuwa magendo. Mimi nataja jambo hili kwa sababu moja tu: mtu anayejua bei ya leo ya Mombasa, upepo wa usiku huu na doria imelala wapi si mtu aliyesahauliwa na wakati.

Tukija kwa watu wenyewe, hoja ya upweke wa kisiwa inaanguka kifudifudi. Uliza Kojani. Wavuvi wa Kojani na vijiji vingi vya pwani huenda dago: huondoka kwa msimu mzima, wakapiga kambi Tanga, Mafia au pwani ya Kenya, wakavua, wakauza, wakarudi. Wengine hawakurudi. Walioa huko, wakazaa, na vizazi vyao vikakaa Kilifi na Kwale bila uraia wa nchi yoyote, mpaka mwaka 2023 Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii zake na kuanza kuwapa vitambulisho. Dar es Salaam, mtoto anayetumwa sukari anaambiwa aende kwa Mpemba, na hakuna anayeuliza Mpemba yupi, kwani kila mtaa una wake. Wapo Mombasa, wapo Maskati, wapo Uingereza. Sijui kisiwa gani kingine cha Afrika Mashariki ambacho watu wake wametapakaa hivi na bado kikaitwa kilichojitenga.

Bahari hiyo hiyo imewaua wakisafiri. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba na ikiwa imejazwa kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi na mamia ya watu wakafa. Idd ilikuwa imepita siku chache tu. Waliokuwamo walikuwa wanafunzi, wafanyabiashara na mizigo yao, akina mama na watoto, watu wa kwenda na kurudi kama ilivyo kawaida yao. Walichokosa ni chombo salama, na kukosa chombo salama si mila.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Mgeni anapoona giza la kijijini anaona utulivu. Mwenyeji anaona giza. Unguja iliungwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba ikaendelea na majenereta ya dizeli, yenye kuzimika mara kwa mara, hadi mwaka 2010 ilipoungwa na Tanga kwa msaada wa Norway. Miaka 30 baina ya ndugu wawili wa serikali moja! Katika miaka hiyo hiyo Pemba ilikuwa ngome ya upinzani, na siasa zake zilikuwa za moto: Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka hadi Shimoni, Kenya, kama wakimbizi. Anayetaka kueleza kwa nini barabara fulani ilichelewa, au kwa nini skuli fulani haikuwa na madawati, aanzie hapo, aanzie kwenye karafuu na kwenye sanduku la kura. Asianzie kwenye mapenzi ya Wapemba kwa mambo ya kale. Hakuna bibi yeyote Micheweni aliyependa kuchota maji kwa ndoo kwa sababu mamake alichota kwa ndoo.

Lakini ukishaita ukosefu huo utamaduni, umeufanya kitu cha kulindwa. Nimewahi kumsikia mtu wa biashara ya utalii akilalamika, kwa uchungu wa kweli, kwamba barabara mpya "itaua haiba". Haiba ya nani? Mjamzito wa kijijini anayepelekwa hospitali usiku hakuwemo katika hesabu yake.

Upo uongo mwingine, ndugu wa huu: kwamba Pemba ni kisiwa cha wachawi. Huu nao unauzwa kama utamaduni wa kale. Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa amehudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie mwaka 1930, alipita Pemba, na katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931 akaandika habari za kusikia, kwamba wanagenzi wa uchawi huja hapo kutoka Maziwa Makuu na hata Haiti. Alikuwa mpita njia, mwenye kalamu kali na subira kidogo. Vitabu vya watalii vinanakili habari hiyo hadi leo kana kwamba ni utafiti. Uganga upo Pemba, sikatai, kama ulivyopo Tanga, Bagamoyo na Mombasa. Wapo waganga, ipo mizimu, zipo ngoma za kupunga pepo. Ila kisiwa hicho hicho kimejaa madrasa na wanazuoni, na katika karne ya 19 kilikuwa na washairi wawili, Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa tungo kwa namna ambayo watu walizihifadhi vifuani mpaka zikakusanywa na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2011 katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba. Mmoja mpenda starehe, mwingine mtu wa dini, na hakuna aliyemwachia mwenzake neno. Sijaona tangazo hata moja la safari linalowataja. Mganga anauzika, mshairi hauziki. Huo ndio uteuzi wa wanaosema wanatuonyesha Pemba halisi.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, maana si wapumbavu. Wao wananiambia: tazama Nungwi, tazama Paje, huko Unguja. Hoteli zimejipanga ufukweni mpaka mvuvi hana pa kupandisha chombo, ardhi imepanda bei, wageni wanapita nusu uchi mbele ya msikiti, vijana wameacha skuli wakauze safari za pomboo. Wataka hayo yafike ufukwe wetu wa Vumawimbi, Pemba? Si afadhali tuilinde Pemba kama ilivyo?

Sitaki yafike Vumawimbi. Ila nauliza ni nini hasa kilichoharibika Nungwi. Je, ni mila kuguswa na mgeni? Watu wa pwani hii wamepokea wageni tangu enzi za hizo sarafu za Mtambwe, wakawaoza binti zao, wakachukua maneno yao, vyakula vyao na hata michezo yao. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba wengi huuhusisha na Wareno. Kama ni kweli, basi watu waliichukua burudani ya watawala wao, wakaiondoa damu, ng'ombe haauawi, wakaiwekea zumari na ngoma na mashabiki wa vijiji, ikawa ya kwao. Kuguswa hakujawahi kuwaua. Kilichoumiza Nungwi ni ardhi kutolewa kwa mwekezaji na mwanakijiji akasikia habari baadaye. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali na mwekezaji huikodi. Mwenyeji anaweza kuwa na minazi yake juu ya ardhi, akalipwa fidia ya minazi, akabaki anautazama ufukwe wake kutoka nje ya ua. Hilo ni jambo la mamlaka na mikataba. Dawa yake haitoki katika kuwataka watu wabaki kama picha.

Tena Pemba yenyewe imeonyesha dawa, na hapa naomba wapinzani wangu wanisikilize vizuri. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, chenye matumbawe na samaki, na wavuvi wa vijiji vingi hukitegemea. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika pale akataka msala wa kusalia, hakuupata, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Katika miaka ya 1990 kulipokuwa na mipango ya kukigeuza cha hoteli, wavuvi walipinga, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wanaruhusiwa kuvua sehemu kubwa yake. Baadaye, wahifadhi walipotaka kuwashawishi watu waache kuvua kwa baruti, masheikh walisimama na aya za Kurani juu ya kuharibu ardhi na bahari, na maneno hayo yaliingia pale ambapo mabango ya serikali hayakuingia. Hifadhi ya bahari ni fikra mpya. Aya ni za kale. Watu wa Pemba walizichanganya bila kumwomba ruhusa mtaalamu wa urithi wa utamaduni. Vivyo hivyo Kidike: popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kokote kwingine duniani, waliwindwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa watatoweka, kisha wanakijiji wakawalinda juu ya miti iliyo karibu na makaburi yao, na sasa wapo kwa maelfu. Mgeni hulipa kiingilio kuwaona. Ni utalii, na ni wa kijiji.

Halafu kuna mwani, na wanawake. Mgeni akifika pwani ya mashariki wakati wa bamvua, maji yametoka mbali, huona wanawake wameinama ndani ya maji ya magotini, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vijiti, kanga zimeloa, wanaimba au wanabishana. Picha hiyo imetumika mno kuonyesha kazi za jadi. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu ya Ufilipino. Mwani ukikauka huuzwa nje, unatolewa kitu kinachozipa uzito dawa ya meno na aiskrimu. Mama ambaye mgeni anamdhania yuko nje ya wakati anazalisha kwa viwanda vya Ulaya na Asia, na bei anayopewa, ambayo ni ndogo mno, inapangwa huko huko. Tena maji ya bahari yamepata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa katika maji mafupi, kwa hiyo wanawake wengine wanajifunza kupiga mbizi na kuendesha mashua ili walime kwenye kina. Ukimuuliza kuhusu jadi atakucheka. Muulize kuhusu bei ya kilo, utapata darsa.

Na bado, wanawake hao hao wanajua nani katika kijiji ana maiti leo, nani amepungukiwa mchele wa harusi, zamu ya nani kusaidiwa kuezeka. Msaragambo upo, watu hutoka wote kulima au kujenga kwa pamoja. Karafuu zikikomaa, watoto wa ndugu hurudi kutoka Dar es Salaam kuja kuchuma na usiku watu hukaa barazani kuchambua karafuu na makonyo, mazungumzo yakienda mpaka usiku mkubwa, na simu mkononi zikiwapo. Haya hayakubaki kwa sababu hapajafika kitu. Yamebaki kwa sababu yanafanya kazi: mvuvi aliyeenda dago anajua mkewe hatalala njaa, na mwenye duka Kariakoo anajua shamba la babake lina mtu. Safari ndiyo inayouhitaji ujamaa huo. Mtu asiyekwenda popote hahitaji sana wa kumlindia nyumba.

Wanaosema tuilinde Pemba kama ilivyo hawajui, basi, ipi waichague. Ile ya uwele au ya mpunga? Ya kabla ya karafuu au baada yake? Kabla ya mwani au baada? Kila mmoja atachagua ile aliyoikuta siku aliyoshuka bandarini Mkoani, akaitangaza kuwa ya asili. Na Wapemba walivyo na ustahamilivu, hawamkatalii mgeni uso kwa uso. Mpemba hakimbii mvua ndogo. Watamtilia chai, watamsikiliza, na kesho kijana wao atapanda meli na cheti chake mkobani.

Mgeni aje. Alale Wete au Chake, si lazima alale katika hoteli yenye chumba chini ya bahari. Ale pweza, aulize maswali ya watu wazima: nani anamiliki mikarafuu hii, mwani unauzwa kwa nani, boti ya kwenda Unguja inagharimu kiasi gani, nani alishauriwa kabla ya ua ule kujengwa. Na wenye kazi ya kuitangaza Pemba, badala ya kuapa kwamba hapajaguswa, waanze na jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Mkataba wowote wa kukodisha ufukwe wa Makangale, Vumawimbi au kwingineko usomwe mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, sheha na kamati ya wavuvi wakiwapo na wanawake wa mwani wakiwa mstari wa mbele, na usomwe kabla ya saini.